Makumbusho ambamo mgeni hupewa gitaa

Tarehe 23 Juni 2000, mjini Seattle, magharibi mwa Marekani, tajiri Paul Allen alisimama mbele ya watu akiwa ameshika gitaa la kioo, kazi ya msanii Dale Chihuly. Akaliinua, akalibamiza, likapasuka vipande vipande. Hivyo ndivyo yalivyofunguliwa makumbusho ya Experience Music Project. Waliomfahamu mpiga gitaa Jimi Hendrix hawakuhitaji kuelezwa maana ya tendo lile, kwani mwaka 1967, katika tamasha la Monterey, Hendrix alilichoma moto gitaa lake jukwaani, kisha akalivunja.

Hendrix alikuwa mtoto wa Seattle, aliyezaliwa humo tarehe 27 Novemba 1942. Utotoni alitaka aitwe Buster, kwa mapenzi aliyokuwa nayo kwa Buster Crabbe, mwigizaji wa filamu za Flash Gordon zilizosimulia safari za angani. Alipiga gitaa kwa mkono wa kushoto, na kwa kuwa magitaa mengi hutengenezwa kwa wanaotumia wa kulia, aliligeuza lake juu chini na kupanga nyuzi upya. Mwaka 1961 aliingia jeshini. Baada ya jeshi alipiga nyuma ya waimbaji wengine kwa miaka kadhaa, hadi mwaka 1966 alipokwenda London, na huko ndiko dunia ilikomsikia. Alifia katika jiji hilo hilo tarehe 18 Septemba 1970, akiwa na miaka 27. Umaarufu wake wote uliingia katika miaka minne tu.

Allen, aliyezaliwa Seattle mwaka 1953, alimwona Hendrix akipiga katika mji wao mwaka 1969, wakati yeye mwenyewe angali kijana wa shule. Mwaka 1975 alianzisha kampuni ya Microsoft pamoja na Bill Gates. Utajiri ulipokuja, akaanza kununua vitu vya Hendrix: mavazi, maandishi, magitaa. Kilicho maarufu kuliko vyote ni gitaa jeupe aina ya Stratocaster ambalo Hendrix alilipiga katika tamasha la Woodstock asubuhi ya tarehe 18 Agosti 1969, alipoupiga wimbo wa taifa wa Marekani kwa namna iliyowagawa Wamarekani wenzake. Ukilitazama gitaa hilo kwa karibu utaona vifundo vya kuongeza na kupunguza sauti vimekaa juu ya nyuzi badala ya chini yake. Alama hiyo ndogo inakueleza vizuri zaidi jinsi mkono wake ulivyofanya kazi kuliko picha nyingi zilizomzunguka.

Mpango wa kwanza wa Allen ulikuwa makumbusho ya Hendrix peke yake. Baba yake, mzee Al Hendrix, alikuwa katika mzozo wa kisheria kuhusu haki za nyimbo za mwanawe, na Allen alimsaidia kwa fedha za kuendesha kesi. Mwaka 1995 haki hizo zilirudi kwa mzee. Lakini Allen na familia hawakuelewana juu ya makumbusho yenyewe, na mradi ukapanuliwa uwe wa muziki wa watu wa Marekani kwa jumla. Katika jina likabaki neno Experience, ambalo lilikuwa sehemu ya jina la bendi ya Hendrix. Naamini mfarakano ule, ingawa uliwaumiza waliohusika, ndio uliowapa makumbusho hayo maisha marefu. Jumba la mtu mmoja lingeishia kuwa kaburi la heshima, lenye mashabiki wanaopungua kadiri rika lake linavyozeeka.

Msanifu Frank Gehry, alipokabidhiwa kazi, alinunua magitaa ya umeme, akayakata, na vipande vyake vikamsaidia kubuni umbo la jengo. Matokeo yake ni kitu kisicho na ukuta ulionyooka, kilichofunikwa kwa zaidi ya vipande 21,000 vya alumini na chuma cha pua, vyenye rangi ya dhahabu, fedha, nyekundu, buluu na zambarau. Mikunjo ile isingewezekana kuchorwa kwa rula na penseli. Ofisi ya Gehry ilitumia CATIA, programu ya kompyuta iliyotoka katika kiwanda cha ndege za kivita cha Ufaransa. Treni ya reli moja, iliyojengwa kwa maonyesho ya dunia ya mwaka 1962, inapita katikati ya jengo. Wahakiki wengi waliliponda, wakaliita baya. Mimi naliona ni jengo la kweli kwa kazi yake, maana muziki ule nao ulipoingia mjini uliitwa kelele.

Ndani, mambo mazuri zaidi ni yale ya kushika. Katika Sound Lab mgeni huingia chumba kidogo kilichozuiwa sauti, anakuta gitaa, dramu au kinanda pamoja na kompyuta inayomwelekeza hatua kwa hatua. Asiyewahi kugusa uzi anatoka amepiga noti chache za wimbo anaoujua. Pengine pa kupita lakini pasipopitwa upesi ni sanamu iliyotengenezwa na msanii Trimpin, mnara wa ala zaidi ya 500, nyingi zikiwa magitaa, na baadhi yake hujipiga yenyewe. Si kila ubunifu ulidumu. Mwanzoni wageni walibebeshwa kompyuta ya begani ya kuwaeleza walichokuwa wakikitazama, na palikuwa na chombo cha kutikisika kilichowapeleka safari ya mwanamuziki. Vyote viwili viliachwa.

Nafasi ya kile chombo ndiyo iliyochukuliwa na sayansi ya kubuni. Tarehe 18 Juni 2004 yalifunguliwa humo humo makumbusho ya fasihi na filamu za aina hiyo. Wako walioona ni mchanganyiko usioelewana, lakini Allen alikulia katika vitabu hivyo, na alipokuwa chuoni mama yake aliuza mkusanyo wake. Akiwa tajiri, aliitumia picha ya zamani ya chumba chake, akaikuza ili asome majina ya vitabu migongoni, kisha akavitafuta na kuvinunua tena. Hata Hendrix, yule Buster wa Flash Gordon, alikuwa msomaji wa hadithi za angani, na mwaka 1967 alirekodi wimbo kuhusu wageni kutoka sayari nyingine wanaoitazama dunia yetu.

Humo mna kiti cha nahodha Kirk wa Star Trek, mfululizo wa televisheni wa mwaka 1966 ambao afisa wake wa mawasiliano, aliyeigizwa na mwanamke mweusi Nichelle Nichols, alipewa jina la Uhura kutokana na neno letu uhuru. Mna pia orodha ya heshima ya waandishi na wabunifu, ambayo mwaka 2010 ilimwingiza Octavia Butler, mwandishi mweusi aliyeishi miaka yake ya mwisho jirani na Seattle.

Wageni wa miaka ya mwanzo walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa, na wafanyakazi wakapunguzwa. Makumbusho yakaendelea kujipanua: maonyesho ya bendi ya Nirvana mwaka 2011, filamu za kutisha, michezo ya kompyuta. Mwezi Novemba 2016 jina likabadilishwa kuwa Museum of Pop Culture. Allen alifariki tarehe 15 Oktoba 2018.

Ukumbi mkubwa wa jumba hilo unaitwa Sky Church. Jina hilo ni la Hendrix, aliyekuwa akiota mahali pa watu wa kila umri na kila imani kukutana kwa ajili ya muziki. Humo ndimo linamofanyika Sound Off!, onyesho la wanamuziki wa eneo hilo wasiozidi miaka 21, wanaokuja na nyimbo zao wenyewe.