Huyo Dereva

Babu yangu aliendesha lori la kahawa Usa River kwa miaka mingi, na hadi leo humpima mtu kwa anavyoshika usukani. Mwaka jana nilimwonyesha Hatari! kwenye kompyuta yangu. Ni filamu ya Howard Hawks ya mwaka 1962, na sehemu yake ilipigwa huku kwetu, Momella, chini ya Mlima Meru, kwenye shamba lililokuwa la Margarete Trappe, mlowezi wa Kijerumani aliyesifika kwa kupanda farasi na kuwinda.

Humo John Wayne anaongoza kundi linalokamata wanyama wa kupelekwa kwenye bustani za wanyama ng'ambo. Anakaa kwenye kiti kilichofungwa mbele ya gari, mkononi ana mti mrefu wenye kitanzi, na gari linamfukuza twiga tambarare yote. Mbio zile si za kuigiza. Yupo hata kifaru aliyekwisha kukamatwa akajinasua kweli, ikabidi akamatwe upya, na Hawks akaiacha kamera iendelee.

Babu alijipiga goti. "Huyo dereva!"

"Na twiga je, Babu?"

"Mimi nimesema dereva."

Nikamkumbuka Charlotte Dujardin, mpanda farasi wa Uingereza mwenye dhahabu tatu za Olimpiki, za London na Rio. Julai 2024, siku chache kabla ya michezo ya Paris, alijitoa kwa sababu ya video ya zamani iliyomwonyesha akimchapa farasi miguuni kwa mjeledi, tena na tena, mazoezini. Akafungiwa mwaka mmoja. Medali zake hazikuguswa: mwamuzi hutoa alama kwa kile farasi anachofanya uwanjani, na mjeledi ulibaki nyuma ya ukuta.

Nilitaka kumwambia Babu kwamba Momella hapakuwa na ukuta. Kufukuza ndiyo mbinu, na kufukuza ndiko kunakosifiwa. Ukiitoa mbinu, dereva anabaki na nini cha kuonyesha?

Kisichoonekana pale ni kesho yake. Mnyama aliyekimbizwa kupita kiasi misuli yake huanza kuharibika, damu ikachafuka, na anaweza kufa siku kadhaa baadaye akiwa zizini, hana hata jeraha. Ni katika miaka hiyohiyo ya 1960 ambapo dawa ya usingizi iitwayo M99 ilianza kutumika Afrika, ikipigwa kwa bunduki ya sindano, na vifaru wakawa wanalazwa badala ya kufungwa kamba. Wakamataji wa kitanzi, pamoja na ufundi wao wote, wakaanza kukosa kazi. Sikuwahi kuwahurumia, ingawa nakiri ile picha ya kifaru nimeirudia mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema.

Nilimweleza Babu habari ya misuli. Alinyamaza, akanyoosha kidole kwenye kioo.

"Rudisha."

Nikarudisha.

"Hizi mbio ni ndefu mno," akasema. "Dereva anayejua angekwisha kufika ubavuni, mnyama bado ana pumzi. Huyu anamchosha ili sisi tufurahi."

"Si ndiye uliyemsifu?"

"Rudisha, mjukuu wangu."

Safari hii alivua saa yake mkononi, akaiweka mezani kando ya kompyuta.