Chiriku wa Mgodini

Tarehe 27 Januari 1896, mlipuko ulitokea katika mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, Wales Kusini. Watu 57 walikufa. Miongoni mwa waliokwenda kuichunguza miili alikuwemo John Scott Haldane, tabibu na mtafiti wa Oxford, ambaye alikuwa akijiuliza ni nini hasa humuua mtu chini ya ardhi.

Aliona jambo la kushangaza. Wengi wa marehemu hawakuwa na majeraha makubwa, na ngozi zao zilikuwa na wekundu wa waridi, kama watu waliolala. Haukuwa moto uliowaua. Walikufa kwa kaboni monoksidi, gesi iliyobaki hewani baada ya mlipuko. Chembe za damu huishika gesi hiyo kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya kuishika oksijeni, hivyo mtu anaendelea kuvuta pumzi huku mwili wake ukikosa hewa. Haldane aliyajua hayo kwa mwili wake mwenyewe: mwaka mmoja kabla, alikuwa ameivuta gesi hiyo makusudi, akipima damu yake, hadi zaidi ya nusu ya uwezo wa damu kubeba oksijeni ukawa umetekwa.

Afrika Mashariki gesi hiyo inajulikana hata kwa wasiowahi kuona mgodi. Ndiyo inayowaua watu waliofunga milango na madirisha wakati wa baridi, wakalala na jiko la mkaa chumbani. Haina rangi, haina harufu, haiwashi koo wala macho.

Basi itajulikanaje? Haldane alipendekeza kiumbe mdogo mwenye damu moto. Mwili mdogo hupumua haraka na moyo wake hupiga mbio, kwa hiyo sumu humfikia mapema kuliko mtu aliye kando yake. Panya walijaribiwa, lakini panya aliyejikunyata hutofautiana kidogo sana na panya anayezimia. Ndege alifaa zaidi. Mapafu yake yameunganishwa na vifuko vya hewa, hivyo hewa mpya huyapitia anapovuta pumzi na hata anapoitoa. Tena ndege hukaa juu ya kijiti: akilewa gesi huyumba, kisha huanguka, na kila mtu anaona.

Ndege aliyechaguliwa ni kanari, jamaa wa chiriku wetu. Waswahili humwita chiriku mtu asiyekoma kusema, na wachimbaji wa Uingereza wangeielewa sifa hiyo vizuri, maana waliyaweka maisha yao rehani kwa mlio wa ndege huyo. Kuanzia 1911 kanari walikuwa sehemu rasmi ya kazi, wawili kwa kila mgodi, na vikosi vya uokoaji viliwatanguliza kila baada ya mlipuko. Wachimbaji waliwapigia miluzi na kuwabembeleza walipokuwa wakishuka nao. Ni vigumu kuwaona ndege hao kama chombo tu.

Hata hivyo, kwa maana ya kitaalamu, walikuwa vihisi. Kihisi ni kitu kinachobadilika kinapokutana na jambo fulani, nasi tukaweza kulisoma badiliko hilo. Kasoro ya kanari ni kwamba alisema mara moja tu, na alisema kwa kuumia. Hakuweza kueleza kama gesi ni kidogo au imeanza kuongezeka tangu asubuhi.

Kihisi cha kielektroniki hulitafsiri badiliko kuwa umeme, na umeme unapimika. Karibu na 1960, watafiti wa usalama wa migodi huko Sheffield walitengeneza ushanga mdogo wa kauri wenye waya mwembamba wa platini ndani yake, na juu wakaupaka kichocheo. Waya ukipashwa moto hadi nyuzi mia kadhaa, methani inayougusa ushanga huungua palepale bila kuwasha mgodi. Joto hupanda, na platini ikipata joto huuzuia umeme zaidi. Kando yake huwekwa ushanga wa pili usio na kichocheo, ili joto la mgodi lenyewe lisidhaniwe kuwa gesi. Tofauti kati ya shanga hizo mbili ndiyo jibu. Methani hulipuka ikifikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Ushanga huanza kuonya mapema zaidi.

Kwa kaboni monoksidi njia iliyoenea ni nyingine, inayofanana na betri ndogo. Gesi hupenya utando na kufika kwenye elektrodi, ikageuzwa kuwa kaboni dioksidi, na katika kugeuka huko huachia elektroni. Gesi ikizidi, mkondo wa umeme nao huzidi, na kwenye kioo hutokea namba: sehemu ngapi katika milioni. Hapo ndipo mchimbaji alipopata kile ambacho ndege hangeweza kumpa, yaani muda wa kuondoka akiwa bado na nguvu za miguu.

Mwaka 1986 Uingereza ilitangaza kuwastaafisha kanari wake wa mwisho, zaidi ya 200, na kuweka mahali pao vifaa vya kushika mkononi. Baadhi ya wachimbaji walihuzunika kuagana nao.

Jumba la makumbusho ya sayansi na viwanda la Manchester limehifadhi tundu moja kutoka enzi hizo. Mbele lina mlango wa mviringo wenye wavu, ulioachwa wazi ili hewa ya mgodi iingie. Juu yake kuna mtungi mdogo wa oksijeni. Ndege alipoanguka, mlango ulifungwa, vali ikafunguliwa, na wachimbaji wakasubiri ainuke tena.