Vilima vya Wasomi

Atakaye kuuona mji wa Kampala kwa siku moja, tena akauona pamoja na sababu zake, na aanze kwa kupanda ngazi za mnara wa msikiti mkuu ulioko Old Kampala, ambazo idadi yake yapita 300, wala asione haya kusimama njiani kuvuta pumzi, kwa maana hata vijana wanaowaongoza wageni husimama, ingawa wao husingizia kuwa wanawangojea wageni. Hivyo ndivyo nilivyofanya mimi asubuhi moja, nikiwa nimekuja kutoka pwani kwa shughuli nyingine kabisa, na nilipofika juu, magoti yakitetemeka, nikaona jambo ambalo barabarani halionekani: kila kilima kina dini yake, na kila dini imekaa kileleni, na chini yake zimepangana shule, hospitali, nyumba za mapadri au za masheikh, na vibanda vya watu, mfano wa vifaranga chini ya mama yao.

Wenyeji hupenda kusema kwamba mji wao umejengwa juu ya vilima saba, na mgeni akisikia hivyo hudhani kuwa ucha Mungu ndio uliowapandisha watu huko. Mimi nasema si ucha Mungu peke yake. Kilima nilichosimama juu yake ndicho alichopigia kambi Kapteni Lugard mwezi wa Desemba 1890, akiwa mtumishi wa kampuni ya Kiingereza, na kambi hiyo ikawa ngome, na ngome ikazaa mji. Idi Amin alipolianzisha Baraza Kuu la Waislamu mwaka 1972 ujenzi wa msikiti ukaanza papo hapo, kisha ukalala miaka mingi, na ukamalizwa kwa fedha za Gaddafi wa Libya katika mwongo wa kwanza wa karne hii. Ngome ya kale ilibomolewa kupisha msikiti, na kando yake ikajengwa nyingine mfano wake, ili anayetaka kupiga picha asirudi mikono mitupu.

Hapana budi nieleze kwanza jinsi dini zilivyofika, kwa kuwa lugha yetu ilikuwa mshenga wa zote. Mwaka 1844 Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara aliyepitia Unguja, alifika katika baraza la Kabaka, yaani mfalme, Suna, na kwa majilio yake na ya wenziwe Uislamu ukaanza kusikika Buganda, hata Mutesa, mwana wa Suna, akafunga Ramadhani miaka kadhaa. Msafiri Stanley alipopita mwaka 1875 alimwacha kijana mmoja, Dallington Maftaa, aliyelelewa na wamisionari wa Unguja, akawa akimsomea Kabaka Injili kwa Kiswahili. Waprotestanti wa Kiingereza wakafika 1877, na Mapadri Weupe wa Kifaransa wakafika Februari 1879, nao wote, kabla hawajajifunza Kiganda, walibishana mbele ya mfalme kwa maneno haya haya tunayonunulia samaki sokoni. Wafuasi wa dini zote wakaitwa kwa jina moja, abasomi, yaani wasomi, na hata leo Mganda akisema anakwenda kusoma huenda anakwenda kusali.

Ushahidi wa jambo hili nilikutana nao nilipoteremka. Nilimwita kijana wa bodaboda nikamwambia anipeleke kanisa kubwa. Akageuza shingo, akaniuliza kwa adabu, «Ssebo, kkanisa oba Kereziya?» Nikabaki nimeduwaa, hata akanifafanulia kwa Kiswahili chake cha mjini kwamba kkanisa ni la Waprotestanti, na la Wakatoliki ni Kereziya, na kuchanganya haya mawili si jambo la mtu mwenye akili timamu. Neno letu, basi, limechukua uraia huku na limekwisha jiunga na chama.

Tulianza na kkanisa. Namirembe maana yake ni mahali pa amani, lakini mbingu haikukiafiki sana kilima hicho, kwani kanisa moja liliangushwa na tufani mwaka 1894, na jingine la matofali, lililokamilika 1904 na kuezekwa majani, likapigwa na radi likateketea mwaka 1910. Hili la sasa, lenye kuba, lilimalizika 1919. Nje kuna makaburi yenye taadhima: Askofu Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga, na Mackay, fundi wa chuma na mhubiri, aliyefariki kusini ya Ziwa Nyanza mwaka 1890, na masalia yake yakaletwa hapa miaka mingi baadaye. Watu huitwa ibadani kwa ngoma. Nilimkuta mzee akiipangusa ngozi ya ngoma moja kwa kitambaa, polepole, kama mtu anayempangusa mtoto uso.

Kutoka Namirembe hadi Rubaga ni mwendo mfupi mno, na ufupi huo ndio uliokuwa balaa. Mwanga aliwapa mapadri kilima cha Rubaga mwaka 1889, na punde makundi mawili, yaliyojulikana kwa majina ya Waingereza na Wafaransa, ingawa wote walikuwa Waganda watupu, yakawa yakitazamana kilima kwa kilima huku bunduki zikiongezeka. Mkatoliki mmoja akamwua Mprotestanti kwa ugomvi wa bunduki, Kabaka akamwona muuaji hana hatia, na Jumapili ya tarehe 24 Januari 1892 vita vikawaka. Lugard, aliyewagawia Waprotestanti silaha, aliifyatua bunduki yake ya mzinga kutoka kilima kile kile nilichokipanda asubuhi. Kanisa la Rubaga likachomwa, Kabaka akakimbilia kisiwani. Kathedrali iliyopo, pana na tulivu, ilitabarukiwa 1925, na ndani yake amezikwa Askofu Mkuu Joseph Kiwanuka, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi katika nchi hizi kupewa uaskofu, mwaka 1939.

Nsambya tulipita bila kushuka. Yatosha kusema kwamba mapadri wa Mill Hill, shirika la Kiingereza, waliletwa pale 1895 ili Waganda waone kwa macho kuwa Mwingereza naye aweza kuwa Mkatoliki.

Kibuli, kilima kingine cha Waislamu, tulifika jua likishuka, na ndipo palipouteka moyo wangu. Waislamu waliitawala Buganda mwaka mmoja tu, tangu 1888 hata 1889, kisha wakashindwa, wakafukuzwa hadi mpakani mwa Bunyoro. Nuhu Mbogo, ndugu wa Mutesa, waliyemtaka awe mfalme wao, alikubali mwaka 1892 kushuka Kampala na kuliacha dai la ufalme ili watu wake wapate mahali pa kukaa. Walipewa wilaya tatu. Mwaka uliofuata zikapunguzwa hata ikabaki Butambala, na mwenyewe akapelekwa Unguja uhamishoni. Katika mapatano ya 1900 kati ya Waingereza na Buganda misheni tatu zilipata maili 92 za mraba, naye Mbogo, kwa ajili yake na wafuasi wake, maili 24. Mwanawe, Badru Kakungulu, ndiye aliyetoa ardhi ya Kibuli ukajengwa msikiti, na shule, na hospitali, kwa kuwa aliona wazi kwamba vilima vya wenzake havikusimama kwa minara pekee.

Niliswali Magharibi pale. Nilipotoka, kijana wa bodaboda alikuwa bado ananingoja, akaniuliza nalala kilima gani. Nikakosa jibu, maana nyumba ya wageni niliyofikia iko bondeni.