Kabla ya PIN Kulikuwa na Taar

Wasee, kuna hii imani kwamba vijana ndio wajanja wa simu, na wazee ni wa kutapeliwa tu. Mimi nimetoka Diff, kule mpakani Wajir Kusini, na hiyo stori naipinga. Awoowe zetu walijua kulinda mawasiliano kabla simu haijafika mkononi mwa mtu.

Rudi 1991. Serikali ya Siad Barre imeanguka Somalia, watu wanakimbia vita, na huko Dadaab zinaanza kambi, kwanza Ifo, kisha Dagahaley na Hagadera. Simu hakuna. Kilichokuwepo ni taar: redio ya masafa marefu yenye opereta wake. Anaita jina, unatafutwa, ukifika unaongea na ndugu yako aliye Eastleigh au Kismayu.

Shida ni moja. Yeyote aliyefungulia masafa hayo alisikia kila kitu, na watu walijua hivyo. Ndiyo maana mtu mwenye akili hakumwaga siri zake kwa taar. Aliongea akijua kuna masikio.

Pesa nazo zilipitia hawala. Wengi hawakuwa na kitambulisho, so wakala alikuuliza maswali: baba yako nani? Babu yako? Ukoo gani? Hiyo ndiyo ilikuwa PIN. Mwizi anaweza kujua jina lako, lakini kutaja mababu zako bila kukwama, atajaribu wapi?

Halafu Machi 2007 ikaja M-Pesa. Opereta akaondoka, zikabaki tarakimu nne. Sisemi turudi kwa taar, hapana. Lakini kuna kitu tulikiacha nyuma: ule wasiwasi kwamba kuna mtu anasikiliza. Skrini inakufanya ujione uko peke yako, unajisahau. PIN unaitaja kwa sauti dukani ukimtolea ayeeyo pesa. Picha ya kitambulisho unairusha kwa grupu. Na anayetaka laini yako hahitaji kuiba simu. Akiwa na jina lako, nambari ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa, anajifanya ni wewe ili apewe laini mpya yenye nambari yako. Wewe unaona tu mtandao umepotea, unafikiri ni mnara.

Kwetu hiyo si hasara ndogo. Simu moja inaweza kuwa ndiyo benki ya familia nzima: pesa ya mbuzi waliouzwa, pesa aliyotuma abti kutoka ng'ambo, karo ya mtoto.

Kwa hivyo fanya haya. Kama uko Safaricom, piga *100*100# ufunge laini yako isibadilishwe bila wewe kufika dukani. Piga *106# uone nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, ripoti. Piga *#06# uandike nambari ya IMEI kwa karatasi, si ndani ya simu hiyo hiyo.

Halafu ongeza dawa ya wazee. Kaeni kama familia mchague swali moja ambalo jibu lake haliko kwa intaneti. Siku meseji itakuja, "mama, simu imeharibika, tuma kwa nambari hii," mama asitume. Apige, aulize hilo swali. Asiyejua jibu si wa kwenu.