Mpepeso katika Historia ya Taa za Krismasi

Mnamo Desemba 1882, jijini New York, Edward H. Johnson, mshirika wa Thomas Edison, aliwasha nyumbani kwake mti wa Krismasi wenye balbu 80 nyekundu, nyeupe na buluu, ambao ulizungushwa kwa umeme huku balbu zikiwaka na kuzimika kwa zamu. Kuwaka na kuzimika huko kulikusudiwa, kwani umeme wa Edison ulikuwa wa mkondo mnyoofu, yaani unaopita upande mmoja tu, na wenyewe haukuleta mpepeso wowote.

Mpepeso, yaani kupanda na kushuka kwa mwanga kwa haraka, uliingia pamoja na mkondo geu, ambao hubadili upande mara nyingi kila sekunde. Mitambo ya Niagara iliyoanza kazi mwaka 1895 ilizalisha umeme wa mizunguko 25 kwa sekunde, na taa zake zilipepesa kiasi cha kuonekana. Marekani ilitulia kwenye mizunguko 60, na Ulaya kwenye 50, ambayo ndiyo inayotumika Kenya na Tanzania hadi leo. Hata hivyo, kilichoyastarehesha macho kwa takriban karne nzima ni uzito wa balbu yenyewe katika kupoa: waya wake mwembamba, ukishapata moto, hauwahi kupoa kabla umeme haujapanda tena.

Taa ya LED, iliyokuja baada ya balbu hiyo, haina uzito huo. Baada ya Nick Holonyak kuonyesha LED nyekundu mwaka 1962, na Shuji Nakamura kufanikisha ya buluu yenye mwanga mkali mwaka 1993, rangi zote za mapambo ziliwezekana, lakini kifaa hiki huzimika papo hapo umeme unapokatika. Isitoshe, LED ni diodi, yaani hupitisha mkondo upande mmoja tu. Kwa hiyo watengenezaji waliotaka bei ya chini waliunganisha makumi ya LED kwa mfuatano na kuzichomeka moja kwa moja kwenye umeme wa nyumbani, zikawa gizani kwa zaidi ya nusu ya muda wote. Diodi nne zinazogeuza nusu iliyopotea zingeufanya mpepeso, kwa umeme wa Marekani, uwe mara 120 kwa sekunde badala ya 60, na ni vigumu kuitetea akiba iliyopatikana kwa kuziacha.

Anayezikodolea macho taa hizo huenda asione kasoro, ila pembe ya jicho huhisi upesi zaidi, na jicho linaporuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, kila taa huacha safu ya nukta. Kwa baadhi ya watu matokeo ni uchovu wa macho na kuumwa kichwa. Mwongozo namba 1789 wa IEEE, chama cha wahandisi wa umeme, wa mwaka 2015, uliotungwa kwa ajili ya LED, unashauri kwamba kwa mipepeso 60 kwa sekunde, mabadiliko ya mwanga yasizidi asilimia 1.5. Minyororo hiyo ya bei nafuu hufikia asilimia 100.