Lapi Yako Inachoma Kama Jiko? Jaribu Hii Setingi Kabla Uende kwa Fundi

Unachapa kazi ya klayenti, dedilaini ni saa sita usiku, halafu feni inaanza kulia kama mathree ikipanda mlima. Dakika kumi hivi, skrini inakuwa nyeusi. Na hukuwa umesevu. Manze, hiyo ni ngori.

Kabla ukimbie Luthuli na ganji mkononi, kuna setingi ya bure ndani ya Windows inaweza kushusha hilo joto.

Joto linatoka wapi?

Chukua mfano wa Intel Core i5-8250U, prosesa iko kwa ThinkPad T480 na EliteBook 840 G5 mob za ex-UK. Spidi yake ya kawaida ni GHz 1.6. Kazi ikikaza, inajipandisha mpaka GHz 3.4. Hiyo inaitwa Turbo Boost, na ndio hukula umeme na kutoa joto jingi. Mwisho wake ni nyuzi 100. Ikifika hapo inajipunguza spidi yenyewe, na joto likizidi bado, mashine inajizima isiungue. Kwa hivyo ikizima ghafla hivyo, usidhani lazima ni virusi. Inaweza kuwa inajiokoa.

Anza hapa

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, Task Manager ifunguke. Cheki safu ya CPU. Kama kuna programu inakula 60% na huitumii, ifunge kwanza. Kama CPU iko chini ya 10% na lapi bado inachoma, shida labda ni vumbi, setingi haitakusaidia sana. Ruka mpaka sehemu ya mwisho.

Setingi yenyewe

1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika powercfg.cpl, kisha Enter.
2. Kwa plani ile unatumia, ingia "Change plan settings", halafu "Change advanced power settings".
3. Shuka mpaka "Processor power management" uifungue.
4. "Maximum processor state": weka 99%, kwa betri na kwa chaja.
5. "Minimum processor state": weka 5%. Ikiwa 100%, prosesa inakaa juu hata ukiwa hufanyi kitu.
6. "System cooling policy": weka Active. Feni itaongeza kasi kwanza kabla prosesa ipunguzwe. Passive hufanya kinyume.
7. Bonyeza Apply, halafu OK.

Mbona 99%? Kwa mashine nyingi za Intel, kutoa hiyo 1% tu kunazima Turbo Boost. Lakini usijidanganye ati umepoteza spidi kidogo tu. Ile i5 yetu itarudi karibu na GHz 1.6. Kuandika, kubrauzi na kucheki muvi, uko fiti. Kurenda video ama kucheza gemu, utaskia uzito. Siku ya kazi kama hiyo rudisha 100%, weka lapi mahali pana hewa.

Huioni hiyo menyu?

Lapi zingine mpya huificha. Tafuta Command Prompt, ifungue kwa "Run as administrator", uandike hizi mbili, moja moja:

powercfg /setacvalueindex scheme_current sub_processor PROCTHROTTLEMAX 99
powercfg /setactive scheme_current

Hiyo ni ya wakati iko kwa chaja. Ya betri, badilisha setac iwe setdc, halafu urudie ile laini ya pili.

Ikikataa kabisa

Kwanza itoe kwa kitanda. Blanketi huziba matundu ya hewa ya chini. Bado inachoma? Sasa ndio wakati wa fundi: mwambie apulize vumbi kwa feni na abadilishe ile pesti ya prosesa, kwa sababu hukauka na miaka. Kama lapi ni ex-UK na haijawahi funguliwa, anza kushuku hapo.

Moja ya mwisho, na hii si mchezo. Ukiona tachpadi imeinuka ama kava ya chini imefura, betri imevimba. Zima lapi, chomoa chaja, usiifinye wala kuitoboa, na usiichaji tena mpaka betri ibadilishwe. Hapo hakuna setingi itakuokoa.