Gombesa Katika Maji Makuu: Safari ya Soka la Komoro

Komoro ilijitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975. FIFA haikuipa uanachama mpaka mwaka 2005, katika mkutano mkuu uliofanyika Marrakech, Moroko. Kwa miaka thelathini taifa lilikuwa na bendera, wimbo na rais, lakini halikuwa na nafasi hata ya kuwania tiketi ya Kombe la Dunia.

Si kwamba mpira haukuchezwa. Shirikisho la soka liliundwa mwaka 1979, na mwaka huohuo Wakomoro walikwenda Réunion kwenye Michezo ya kwanza ya Visiwa vya Bahari ya Hindi. Kwa muda mrefu mashindano hayo ndiyo yaliyokuwa nafasi yao kubwa ya kupambana na mataifa mengine, wakikutana na majirani kama Morisi, Shelisheli na Madagaska. Nje ya bahari hiyo hakuna aliyewajua.

Sababu kubwa ilikuwa dola lenyewe. Uhuru ulikuwa haujatimiza mwezi mmoja Rais Ahmed Abdallah alipopinduliwa, Agosti 1975. Mwaka 1978 mamluki wa Kifaransa, Bob Denard, alimrudisha Ikulu kwa mtutu wa bunduki. Mwaka 1989 Abdallah aliuawa humohumo Ikulu. Majaribio ya mapinduzi, yaliyofaulu na yaliyoshindwa, yanapita ishirini. Mwaka 1997 kisiwa cha Nzwani kikatangaza kujitenga. Nchi iliyokuwa ikihangaika kubaki nchi moja isingeweza kuweka viwanja na ligi mbele ya mengine.

Halafu kuna kidonda cha Maore, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Mayotte. Kisiwa hicho kilichagua kubaki chini ya Ufaransa, na Komoro haijawahi kulikubali jambo hilo. Kwa hiyo Maore ina ligi yake chini ya shirikisho la Ufaransa, na haimo FIFA wala CAF. Mwaka 2015, katika Michezo ya Visiwa iliyofanyika Réunion, wanamichezo wa Maore walipopita nyuma ya bendera ya Ufaransa, ujumbe wa Komoro ulijitoa mashindanoni. Vijana waliofanya mazoezi kwa miaka minne wakarudi nyumbani bila kushindana.

Mlango wa FIFA ulipofunguka, mwanzo ulikuwa mchungu. Oktoba 2007, katika mechi yao ya kwanza ya kufuzu Kombe la Dunia, Wakomoro walifungwa na Madagaska 6-2 ugenini. Mwezi uliofuata wakachapwa 4-0 nyumbani. Miezi michache baadaye, Machi 2008, wanajeshi wa Umoja wa Afrika, wakiwemo wa Tanzania, walitua Nzwani kumwondoa Kanali Mohamed Bacar aliyekuwa ameigomea serikali ya muungano. Kapu la mabao kumi na uvamizi wa kisiwa chao wenyewe vilipishana kwa miezi tu.

Klabu nazo zilikuwa na hali hiyohiyo. Mashabiki wa Yanga hawajasahau Februari 2014, Komorozine ya Domoni ilipofungwa jumla ya mabao 12-2 katika mechi mbili za Ligi ya Mabingwa Afrika. Jijini Dar es Salaam, kupangwa na timu ya kisiwa cha Ngazija au Nzwani kulihesabiwa kuwa bahati njema.

Mwaka huohuo wa 2014 ndipo mambo yalipoanza kugeuka. Shirikisho lilimkabidhi timu ya taifa Amir Abdou, mzaliwa wa Marseille mwenye asili ya Komoro, aliyekuwa akifundisha timu ya ridhaa kusini magharibi mwa Ufaransa. Hakuwa na jina. Alichokuwa nacho ni kuwajua watu wake. Marseille ina maelfu kwa maelfu ya Wakomoro, na watoto wao walikuwa wamelelewa katika vituo vya soka vya Ufaransa, wakicheza madaraja ya pili na ya tatu. Timu ya taifa ya Ufaransa isingewaita kamwe. Abdou alijenga timu kwa wachezaji wa aina hiyo: kiungo Youssouf M'Changama, mzaliwa wa Marseille, beki Chaker Alhadhur, mzaliwa wa Nantes, mshambuliaji El Fardou Ben Nabouhane, aliyekuja kung'ara na Red Star ya Belgrade.

Ben Nabouhane alizaliwa Maore. Kisiwa ambacho wanasiasa wameshindwa kukirudisha kwa miaka hamsini kikaipa Komoro mmoja wa wafungaji wake wakubwa.

Timu ya Komoro inaitwa kwa jina la silikanti, samaki ambaye wanasayansi waliamini ametoweka duniani tangu enzi za dinosaria, hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili alipatikana Nzwani mwaka 1952, na wavuvi wa huko walishangaa kusikia ni ajabu, kwani wao walimjua siku zote na kumwita gombesa. Wavuvi wa Tanga nao wanamfahamu. Anaishi kilindini, haonekani, lakini yupo.

Gombesa walianza kuonekana taratibu. Novemba 2015 walitoka suluhu na Ghana nyumbani. Mwaka 2018, kwenye uwanja wa Mitsamiouli, walitoka sare ya 1-1 na Kamerun, kisha 2-2 na Moroko. Katika mbio za Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) lililofuata walipangwa na Misri, Togo na Kenya. Waliifunga Togo 1-0 kwao Lomé na kuibana Misri 0-0. Novemba 2020 ilikuwa zamu ya Kenya, Harambee Stars ya Jacob "Ghost" Mulee: 1-1 Nairobi, halafu Komoro wakashinda 2-1 nyumbani Moroni siku chache baadaye. Machi 25, 2021, suluhu na Togo katika uwanja wa Malouzini, uliojengwa kwa msaada wa China, iliwapeleka Komoro AFCON kwa mara ya kwanza.

Kwenye mashindano hayo, yaliyofanyika Kamerun, walifungwa na Gabon, kisha Moroko. Tarehe 18 Januari 2022, mjini Garoua, wakakutana na Ghana, mabingwa mara nne wa Afrika. Ben Nabouhane alitikisa nyavu dakika ya nne. André Ayew akatolewa kwa kadi nyekundu. Ahmed Mogni alifunga la pili, Ghana wakasawazisha yote mawili, na Mogni huyohuyo akamaliza kazi dakika ya 85: 3-2. Ghana ikafunga virago.

Siku sita baadaye, hatua ya mtoano: uwanja wa Olembé, Yaoundé, dhidi ya wenyeji Kamerun. Kipa Salim Ben Boina alikuwa majeruhi, na makipa wengine wawili walikuwa wamekutwa na UVIKO-19. Ali Ahamada alipimwa tena akaonekana mzima, lakini kanuni za karantini zikamzuia kucheza. Alhadhur, beki wa kushoto, akavaa jezi ya kipa yenye namba 3 iliyobandikwa kwa utepe. Dakika ya saba nahodha Nadjim Abdou akatolewa nje. Wachezaji kumi, akiwemo kipa wa kuazima, walifungwa 2-1 tu, tena M'Changama akipachika bao la mpira wa adhabu kutoka mbali. Usiku huohuo watu wanane walikufa katika msongamano kwenye lango la uwanja, msiba uliofunika kila sifa ya mchezo.

Haikuwa bahati ya siku moja. Novemba 2023 Ghana walilala tena, 1-0 mjini Moroni. Oktoba 2024, chini ya kocha Mwitaliano Stefano Cusin, Komoro waliifunga Tunisia kwao 1-0, wakaongoza kundi lao na kufuzu AFCON ya Moroko, ambako walicheza mechi ya ufunguzi dhidi ya wenyeji.

Lakini ligi ya nyumbani haijapanda pamoja na timu. Bingwa wa taifa bado hupatikana kwa kuwakutanisha washindi wa visiwa vya Ngazija, Nzwani na Mwali, na mtoto anayekulia Domoni au Fomboni ana njia finyu zaidi ya kufika timu ya taifa kuliko binamu yake wa Marseille. Heshima iliyopatikana Garoua ni ya kweli na inastahili kila pongezi. Sasa shirikisho lielekeze nguvu na fedha kwenye viwanja vya visiwani, makocha wa vijana na nauli za klabu, na klabu za Tanzania na Kenya ziwafungulie vijana hao milango ya ligi zao.